Namna ya Kukaa na Hisa Moja Miaka Ishirini Bila Kuiuza kwa Sababu ya Harusi

Anza na sukari. Chukua pakiti iliyo mezani, igeuze, usome jina: Illovo. Miwa yake imekatwa Nchalo au Dwangwa, na kampuni iliyoipakia iko kwenye Soko la Hisa la Malawi tangu 1997. Sasa tazama vocha uliyokwangua jana usiku ili uzungumze na dada yako aliyeko Uvira. Ni ya TNM au ya Airtel. TNM iliingia sokoni 2008, Airtel Malawi ikafuata 2020. Na benki unayopanga foleni ukienda mjini, iwe National Bank, Standard, NBS au FDH, nayo imo kwenye orodha hiyohiyo. Sisi tunaoishi kati ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka na vibanda vya soko la Tsoka, Lilongwe, ni wateja wazuri sana wa kampuni hizi. Tunalipa, tunachukua bidhaa, tunaondoka. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kuvuka upande wa pili wa kaunta, hata kama nafasi atakayoipata pale inamtosha kusimama mguu mmoja.

Kazi yenyewe inaelezeka kwa pumzi moja. Unanunua hisa za kampuni moja. Gawio likija, unanunua hisa zaidi za kampuni hiyo. Unafanya hivyo miaka ishirini na huuzi. Basi. Ugumu uko kwenye hiyo miaka ishirini, kwa sababu ndani yake utaoza binti, utamzika mzee, utahamishwa nyumba, utaitwa kwenye mahojiano ya safari ya Kanada ambayo yataahirishwa, na kwacha itashushwa thamani huku ukiwa bado hujamaliza kulipa deni la shule. Kwa hiyo maneno mengi ya mwongozo huu yanahusu kuvumilia. Kuchagua hisa nitakugusia tu.

Kwanza hesabu, maana bila hesabu hutapata nguvu ya kumkatalia mtu yeyote. Chukua mfano wa hisa 1,000. Tuseme bei yake inapanda asilimia 5 kwa mwaka, na kila mwaka kampuni inakupa gawio ambalo, kodi ikishatolewa, ni asilimia 4.5 ya bei. Jirani yako wa kwanza anakula gawio lote kila linapokuja. Baada ya miaka 20 ana hisa zake 1,000, na kila moja ina thamani mara 2.65 ya bei aliyonunulia. Jirani wa pili anarudisha gawio lote. Baada ya muda uleule ana hisa 2,411, na mali yake yote imekua karibu mara 6.4, ukiacha ada ya dalali. Akiendelea hadi mwaka wa 30, anafikisha hisa 3,745 na mali yake imekua zaidi ya mara 16, wakati yule wa kwanza yuko kwenye mara 4.3.

Irudie hesabu hiyo polepole. Miaka 20 ya kwanza ilimwongezea jirani wa pili hisa 1,411. Miaka 10 ya mwisho peke yake ikamwongezea 1,334. Anayeacha mwaka wa ishirini ameondoka mavuno yakiwa ndiyo kwanza yanaanza. Mtu wa Kivu au wa Bujumbura hahitaji kufundishwa jambo hili, amelelewa kwenye migomba: mkungu unaliwa, lakini machipukizi yanahamishiwa kwenye mashimo mapya, na ni machipukizi hayo yanayogeuza shina moja kuwa shamba. Gawio ni chipukizi. Tumezoea kulipika.

Usisubiri mtu akufanyie. Kwenye masoko makubwa ya Marekani na Uingereza, dalali anaweza kupewa agizo mara moja na gawio likawa linanunua hisa lenyewe, hata vipande vya hisa. Hapa jiandae kulifanya kwa mkono. Pesa ikiingia, unampigia dalali wewe mwenyewe na kumwambia anunue. Kati ya pesa kuingia na simu kupigwa ndipo watu wengi wanapotea, kwa sababu siku hiyohiyo unga umekwisha, na pesa ya gawio haina alama usoni ya kuitenganisha na pesa ya unga. Ifungulie akaunti yake peke yake. Akaunti hiyo isiwe na kadi. Isiunganishwe na simu unayotumia kununulia vocha. Kama gawio ni dogo mno kuweza kununua kitu, liache humo lisubiri mwenzake, na ukiweza liongezee kidogo la kwako ili lisichelewe.

Zoea pia kuwa mtu asiye na habari. Huu ni ujuzi na unafundishika. Kijiweni, mmoja ataeleza jinsi alivyonunua marobota ya kaunjika, yaani mitumba, asubuhi na kuyamaliza kabla ya adhuhuri. Mwingine ataeleza biashara ya simu. Wewe ukiulizwa hisa zako zinaendeleaje, jibu: zipo. Mwaka ujao ukiulizwa, jibu: bado zipo. Mtu anayesoma bei kila siku hupata hamu ya kufanya kitu, na katika kazi hii karibu kila kitu utakachofanya kwa hamu kitakugharimu. Fungua taarifa ya mwaka ya kampuni inapotoka, soma faida, soma deni, soma gawio, kisha funga urudi kwenye cherehani yako.

Tufike kwenye harusi. Kila aliyewahi kuketi kwenye harusi ya Lilongwe anajua mshereheshaji anaposhika kipaza sauti na perekani ikaanza: watu wanacheza kwenda mbele, noti zinamwagwa, na aliyebaki kitini anaonekana. Nenda. Cheza. Mwaga noti zako kwa furaha, maana undugu nao ni akiba, na mkimbizi asiye na watu hana kitu. Lakini noti hizo zitoke kwenye mfuko uliouandaa kwa ajili ya harusi na misiba, unaojazwa kila mwezi, hata kwa kiasi kidogo kabisa. Mwenye mfuko huo hauzi hisa, na asiyekuwa nao atauza tu, hata awe na moyo wa chuma. Kwa hiyo nakuomba kwa dhati: usinunue hisa hata moja kabla mfuko wa dharura haujasimama. Mtoto akipata malaria usiku, hisa haifungui mlango wa zahanati.

Na mjomba akija, maana atakuja, mwambie ukweli bila kumfokea. Mwambie fedha hiyo haipo mkononi, imefungwa kwenye kampuni, na kuitoa kunachukua siku. Si uongo. Soko la Malawi lina kampuni 16 tu, na sehemu kubwa ya hisa imeshikwa na wamiliki wakubwa wasiouza. Airtel Malawi, kwa mfano, ilipoingia sokoni ilitoa asilimia 20 tu ya hisa zake kwa watu wengine. Katika soko la namna hiyo unaweza kutoa agizo la kuuza na ukangoja mnunuzi. Mwekezaji mwenye haraka anaudhika. Kwa mtu mwenye wajomba wengi, kuchelewa huko kunamlinda.

Kwacha nayo lazima tuiangalie usoni. Biashara ya hisa ilipoanza Blantyre, tarehe 11 Novemba 1996, na kampuni ya bima ya NICO ikiwa ya kwanza kuorodheshwa, dola moja ilikuwa kama kwacha 15. Novemba 2023 Benki Kuu iliisogeza kutoka takribani 1,180 hadi 1,700 kwa siku moja, na hiyo ni bei rasmi. Ya mtaani kila mtu wa Tsoka anaijua. Maana yake ni kwamba hisa iliyopanda mara mia moja tangu 1996 haijampeleka mwenyewe popote kwa kipimo cha dola. Amekimbia sana na amebaki alipokuwa. Kwa hiyo ukisikia kwamba mwaka 2023 kipimo cha soko zima kilipanda karibu asilimia 79, na 2024 kikapanda tena asilimia 55, furahi, lakini furahi ukiwa na kalamu mkononi. Toa mfumuko wa bei, ambao mwaka 2024 ulizidi asilimia 30, ndipo ujue kilichobaki.

Kilichobaki kwa baadhi ya hisa kilikuwa kikubwa. FDH Bank iliuzwa kwa umma kwa kwacha 10 mwaka 2020, na kufikia mwisho wa 2024 ilikuwa imepita kwacha 100, muda ambao bei rasmi ya dola iliongezeka mara mbili na kidogo. Aliyeweka noti zake chini ya godoro kwa miaka hiyo aliziona zikisinyaa. Wazee waliotoka Kongo wanaelewa hili kuliko mchumi yeyote, kwa sababu Oktoba 1993 waliambiwa wapeleke zaire milioni tatu za zamani wapewe moja mpya. Pesa ya karatasi inaweza kufa ikiwa mikononi mwako. Sehemu ya kampuni inayouza sukari ina nafuu, maana sukari bei yake inapanda pamoja na kila kitu. Hata hivyo usinunue kwa sababu tu imepanda. Hisa iliyopanda mara kumi inaweza kushuka nusu na bado ikawa ghali.

Hapo Safaricom inatufundisha vizuri, na wengi wetu tuna ndugu Nairobi waliokuwepo. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliuza asilimia 25 ya kampuni hiyo, hisa bilioni 10, kwa shilingi 5 kila moja. Watu walipanga foleni barabarani. Wapo waliokopa benki ili wanunue, na kwa sababu maombi yalizidi hisa zilizokuwepo mara kadhaa, wakapewa sehemu ndogo ya walichoomba, riba ya mkopo mzima ikiwa imeshaanza kuhesabika. Baada ya miezi michache bei ikaanguka chini ya shilingi 3. Wengi waliuza hapo, kwa hasira. Waliobaki waliiona ikipita shilingi 40 mwaka 2021, kisha ikashuka tena chini ya 15 mwaka 2023. Katika kupanda na kushuka huko kote, gawio liliendelea kuja. Kuanzia mwaka wa fedha wa 2023 hadi wa 2025 lilikuwa shilingi 1.20 kwa hisa. Kwa aliyenunua kwa shilingi 5, hiyo ilikuwa asilimia 24 ya pesa yake ya mwanzo, kila mwaka, bila kuuza chochote.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni lile lililompata aliyerudisha gawio wakati wa anguko. Bei ikiwa 40, shilingi 1,200 za gawio zinanunua hisa 30. Bei ikiwa 15, shilingi hizohizo zinanunua 80. Miaka mibaya ndiyo iliyomjengea idadi. Anayerudisha gawio ana sababu halisi ya kutulia bei inaposhuka, ilimradi kampuni yenyewe ni nzima.

Na hapo kwenye uzima wa kampuni ndipo hisa moja inapoweza kukuzika. Mumias Sugar iliorodheshwa Nairobi 2001. Ilikuwa fahari ya magharibi ya Kenya, ililipa gawio, wakulima wa miwa waliinunua kwa imani kamili kwa sababu waliiona kila siku wakipita. Mwaka 2019 ikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kampuni iliyoshindwa kulipa madeni. Aliyekuwa akirudisha gawio humo mwaka baada ya mwaka alikuwa akiongeza maji kwenye mtungi uliopasuka. Kenya Airways iliingia sokoni 1996 kwa shilingi 11.25, na kuanzia Julai 2020 hadi Januari 2025 hisa zake hazikuuzwa kabisa, mwenye nazo alikaa nazo apende asipende. Kuwa jirani wa kampuni hakutoshi. Kupenda bidhaa yake hakutoshi.

Kwa hiyo jiwekee amri ukiwa bado na akili tulivu, uiandike kwenye karatasi. Yangu ninayoshauri ni hii: ukiona kampuni imekosa kulipa gawio miaka miwili mfululizo, au inalipa gawio huku deni lake likipanda na faida ikishuka, acha kuirudishia. Hisa ulizonazo zinaweza kubaki, lakini kila senti mpya iende kwa kampuni ya aina nyingine. Kama ya kwanza ni benki, ya pili isiwe benki. Na tangu mwanzo, hisa moja isibebe zaidi ya kile ambacho ukikipoteza chote watoto wataendelea kula na kusoma. Najua kichwa cha makala hii kinasema hisa moja. Kwa mwenye pesa kidogo, moja ndiyo pa kuanzia, kwa sababu kugawanya kwacha chache kwenye kampuni sita ni kumlipa dalali ada mara sita. Akikua, aongeze ya pili.

Sasa niseme kuhusu sisi wenye kadi ya mkimbizi, kwa sababu mwongozo wowote unaoruka jambo hili ni wa watu wengine. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, iliweka pingamizi kwenye vifungu kadhaa, kikiwemo cha 13 kinachohusu mali, cha 17 kinachohusu ajira na cha 26 kinachohusu uhuru wa kutembea. Machi 2023 serikali iliagiza wakimbizi wote wanaoishi nje ya kambi warudi Dzaleka kabla ya katikati ya Aprili, na Mei askari wakaanza kuwakusanya watu Lilongwe. Kambi iliyopangwa kwa watu wapatao 12,000, ambayo sasa ina zaidi ya 50,000, ikapokea wenye maduka waliofika na begi moja. Duka linafungwa kufuli. Friji haibebeki kwenye gari la matola. Ukiyaona hayo utaelewa kwa nini mimi naona mali iliyoandikwa kwenye daftari la wanahisa inamfaa mtu wa kuhamahamishwa kuliko mali inayokaa kwenye rafu.

Basi kabla ya kuweka hata kwacha moja, nenda kwa dalali aliyeidhinishwa ukiwa na karatasi zako halisi, uulize kama atakufungulia akaunti kwa jina lako, na uombe jibu la maandishi. Akikataa, uliza wa pili. Kitu ambacho nakusihi usifanye ni kununua kwa jina la rafiki mwenye kitambulisho cha uraia. Hata akiwa mwaminifu kama malaika, anaweza kufa, na mjane wake hatajua chochote kuhusu makubaliano yenu ya barazani. Sheria nayo itamsikiliza yeye.

Aliyefungiwa mlango huo bado ana wa nyumbani. Banki mkhonde, kikundi cha kuweka na kukopeshana ambacho wenzetu wa Malawi wanacho vijiji vingi, kinafanya kazi Dzaleka vilevile, na waliotoka Kongo walikuja na likelemba yao. Tofauti yake ni kubwa: likelemba inazungusha mchango ukarudi ulivyo, banki mkhonde inakopesha kwa riba na mfuko unakua. Lakini tazama kinachotokea mwisho wa mwaka. Kikundi kinahesabu, kinagawana chote, akiba na riba, na Januari kinaanza upya na sanduku tupu. Miezi kumi na miwili pesa inapanda, halafu inarudishwa sifuri kwa mikono yetu wenyewe. Hata miaka kumi ya kukutana kila wiki haimpi mwanachama mwaka wa pili wa ukuaji.

Lilete hili kwenye kikao kijacho, mbele ya mwenyekiti na wenye funguo: tugawane akiba kama kawaida, lakini nusu ya riba ya kila mmoja ibaki mfukoni kwa jina lake iwe mtaji wa mwaka unaofuata. Watapinga, na wana hoja, maana sanduku likibaki na pesa nyingi linavutia mwizi, na mtunza hazina anayeitiwa ndege ya Australia anaweza kuondoka nalo. Ijibu hoja hiyo kwa vitendo: fedha inayobaki ikae kwenye akaunti ya benki ya kikundi yenye watia saini watatu wa familia tatu tofauti. Anza na wale watakaokubali, hata wakiwa watano.

La mwisho ni karatasi. Gawio linamfuata mwenye anwani. Mtu akihama, simu ikibadilika, akaunti ikifungwa, gawio linarudi kwa kampuni na kukaa huko. Kenya imelazimika kuunda mamlaka nzima ya kushughulikia mali zisizodaiwa, yakiwemo magawio ya watu waliokufa bila kumwambia mtu. Kwetu hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu jamaa akipata safari anaondoka kwa wiki chache, na ofisi ya daftari la wanahisa Blantyre haijui kwamba yuko Winnipeg. Kwa hiyo siku ileile unaponunua hisa ya kwanza, andika kwenye daftari la familia jina la kampuni, namba ya akaunti ya hisa, jina la dalali na simu yake. Mwoneshe mke au mume. Mwoneshe mtoto mkubwa, umweleze gawio ni nini, na umpe yeye kazi ya kumpigia dalali gawio linalofuata likiingia, nawe ukae pembeni umsikilize anavyoagiza.